Walioniuliza Jina Njiani

Tangu nirudi sijachota hata ndoo moja ya maji kwa amani. Kila nikisimama kwenye foleni pale mferejini, hapa mtaa wa Tena, mtu ananigeukia: "Baba Nekesa, ni kweli walikuoza mke Ukambani?" Mwingine amesikia niliporwa nikaachwa na soksi. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye haipiti siku bila kuongeza chumvi, anasema nilijiunga na waabudu shetani, na ndiyo maana nimekuwa mpole. Basi nimeandika yote mara moja. Anayetaka asome, asiyetaka aniache nichote maji.

Wengi mnanijua. Kwa asiyenijua, mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na kazi hiyo imenifunza kutoamini. Nikiambiwa gunia lina kilo tisini, nalipima. Mke wangu husema hata chai yake naionja kwanza nione kama kweli ni chai. Sikatai.

Mutiso ni dereva, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa vijana mtaani Ziwani. Nilipofika kutoka Bungoma na sanduku la mbao, bila kazi wala ndugu, alinipa nusu ya kitanda chake kwa miezi minane. Baadaye kila mtu akaoa. Mimi Mungu akanipa Nekesa na wadogo zake. Yeye na mkewe Ndunge walizika wawili, Wambua kisha Mwende, wote kabla ya kutimiza mwaka. Mnajua watu wa mtaa hawamwiti mzazi kwa jina lake. Kwa muda Mutiso alikuwa Baba Wambua, kisha akawa Baba Mwende. Baada ya hapo majirani walirudi kumwita Mutiso tu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Siku moja akanijia na pikapu ya buluu aliyoazimwa na binamu yake. "Nina likizo," akasema. "Twende nikakutembeze kwetu. Polepole, mji kwa mji, tukila nyama."

"Miaka yote hii hujawahi kunialika. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu nina likizo."

Hilo halikuwa jibu. Lakini nilikuwa nimechoka na magunia, na Mama Nekesa alishanifungia begi.

Tena hadi Njiru

Jambo la kwanza lisilonipendeza lilikuwa mlango. Ule wa upande wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Ilibidi Mutiso azunguke kila mara anifungulie kama bwana harusi. "Umeharibika," akasema. Nikauliza mbona wake haukuharibika. Akacheka, akawasha redio.

Mtakumbuka kwamba siku zile mji mzima ulikuwa ukizungumzia waabudu shetani. Kila basi lilikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyepewa lifti na mzee mwenye kwato. Mimi sikuwa nikiamini yote. Niliamini kama robo. Na robo inatosha ukiwa umefungiwa ndani ya gari.

Hatujafika mbali, Mutiso akauliza, macho yakiwa barabarani, "Wafula, hilo jina lako lingine, Khisa, lilikuwa la nani?"

"La kuka. Babu yangu."

"Aliishi sana?"

"Sana. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Pale Njiru akasimama kumsalimia shangazi yake, anayeuza mboga kando ya barabara ya Kangundo. Yule mama akanishika mkono asiuachilie. Akamwuliza Mutiso kwa Kiswahili, kama vile mimi sipo, "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Anaonekana ana afya."

"Anayo."

Kisha akanigeukia. "Mama yako alizaa wangapi, mwanangu?"

"Tisa."

"Na walio hai?"

"Wote tisa, Mungu asifiwe."

Akamtazama Mutiso, akasema neno kwa Kikamba, akajifuta jicho kwa ncha ya leso. Mimi akanipa papai bivu, akakataa katakata nisimlipe. Tulipoondoka nikauliza, "Alisema nini?"

"Alisema papai limeiva."

"Mtu halii kwa sababu papai limeiva, Mutiso."

Akaongeza sauti ya redio. Papai nililipakata mpaka Tala bila kulionja.

Tala, siku ya soko

Tulifika soko limechangamka, mbuzi na vyungu hata njiani. Mutiso alitaka tule muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, katika hoteli ndogo nyuma ya bucha la shemeji yake. Nitasema ukweli: chakula kilikuwa kitamu, na hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Mama mmoja mzee aliingia wakati nanyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama. Akanitazama usoni, akasema kwa nguvu, "Wacha!"

Nikaiachia nyama ikaanguka mezani. Hoteli nzima ikaangua kicheko. Najua kabisa kwamba Wakamba husalimiana "Wacha" na unatakiwa kujibu "Aa". Mutiso amenisalimia hivyo tangu Ziwani. Lakini mtu mwenye wasiwasi husahau hata jina la mama yake, na mimi nilidhani nimekatazwa nyama kwa sababu maalumu.

Shemeji mtu akaja na aproni yake ya damu, akaketi mbele yangu. Ni mtu wa maneno machache. "Huyo babu yako Khisa," akasema, "alikufa kwa ugonjwa?"

Kijiko kikanisimamia njiani. Huyu mtu hajawahi kuniona. "Kwa uzee," nikasema.

"Vizuri." Akamgeukia Mutiso, wakazungumza Kikamba. Nikasikia neno moja likirudi na kurudi: *isyitwa*. Wafula, isyitwa. Khisa, isyitwa. Sikulijua, na kila waliposema walinitazama kidogo kisha wakatazama kwingine. Yule mama mzee naye akasogeza kiti asikilize. Nikahisi kama mbuzi anayesikia watu wakijadili sikukuu.

Machakos, nilipotaka kutoroka

Kutoka Tala tulipita Kangundo, tukapita Mitaboni, Mutiso akisimama kila penye mtu anayemjua, na kila anayemjua akitaka kunishika mkono. Machakos tukalala gesti. Asubuhi yeye alipokwenda kuoga, nikaona kifurushi cha gazeti kikichungulia kwenye begi lake. Tangu Tena alikuwa akikihamisha kila nikikikaribia. Nikakifungua.

Ndani mlikuwa na wembe mpya, kitambaa cheupe cha pamba, na kamba ya shanga ndogo ndogo. Basi. Nikakifunga jinsi kilivyokuwa, nikachukua begi langu nikashuka.

Katika hoteli ya chini nikamwuliza msichana aliyeniletea chai, "Dada, isyitwa ni nini?"

"Ni jina," akasema. "Kwani umesahau lako?"

Akaenda zake akicheka. Mimi nilikaa na chai mbele yangu nikijumlisha, kama nijumlishavyo stoo. Watu wanaulizana kuhusu jina langu tangu Njiru. Wanataka kujua afya yangu, ndugu zangu, kifo cha babu yangu. Na kuna wembe. Mjini walikuwa wakisema waabudu shetani huanza na jina lako kamili, huliandika kwenye kitabu chekundu, kisha damu hufuata. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikaiacha chai bila kuionja.

Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi, mguu mmoja ngazini, Mutiso aliponikuta. Alikuwa amekimbia, sabuni bado sikioni.

"Wafula, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Kwa watoto wangu."

"Umefungua begi langu."

"Nimefungua. Na wewe unagawa jina langu kwa kila mwenye bucha. Unataka kunifanya nini, Mutiso? Niambie mbele ya watu hawa."

Akawatazama abiria, akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo hata kwenye mazishi. "Siwezi kukuambia hapa," akasema. "Niliapa. Kikisemwa njiani, kinasikika njiani."

"Kinasikika na nani?"

Akafuta sabuni sikioni. Akasema tu, "Ukirudi leo sitakulaumu. Lakini sina mwingine wa kumwendea. Nimefikiri sana, sina."

Kondakta akanipigia kelele nipande au nishuke. Nikakumbuka kitanda cha Ziwani, jinsi Mutiso alivyokuwa akilala upande wa ukutani wenye unyevu ili mimi nipate upande mkavu. Nikashuka. Msidhani wasiwasi uliisha. Nilishuka nao.

Kola, matope

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na karibu na Kola pikapu ikazama kwenye udongo mwekundu mpaka ekseli. Tulikaa pale muda wa kupika githeri. Nilipitia dirishani, maana mlango ni ule ule. Walikuja wanaume watano kutoka shambani, wakasukuma bila kuulizwa, wakachafuka kuliko sisi. Pamoja nao alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti na tai katikati ya matope hayo. Gari lilipotoka akanipa mkono. "Karibu kwetu. Unaitwa nani, ndugu?"

Hapo nikaona nimejifunza. "Naitwa Kamau," nikasema.

Mutiso akanirukia kama mtu aliyeona nyoka. "Hapana! Mzee, anatania. Anaitwa Wafula. Wafula Khisa. Sema, Wafula. Sema mwenyewe!"

"Kwani Kamau lina kasoro gani?"

"Usichezee jina safarini!" Akanishika bega. "Kila kitu chezea. Hilo usilichezee."

Yule mzee alitutazama, akavua kofia polepole, akasema atatuombea. Nadhani alimaanisha. Kilomita zote zilizobaki nilimgeuzia kisogo. Redio nayo ilinyamaza kwa sababu ya milima, na dirisha nililiacha wazi ingawa mvua ilikuwa ikininyeshea bega.

Mbele ya mji wa Wote, nyumbani kwa kina Mutiso

Mji wa Wote tuliupita bila kusimama, mara ya kwanza katika safari nzima. Tukakata kushoto, njia ya mchanga, mpaka boma la nyumba tatu za matofali. Mchana ulikuwa bado. Mutiso akazunguka kunifungulia mlango, na mlangoni pa nyumba kubwa nikamwona Ndunge.

Alikuwa amekuja huku kwa wakwe tangu Pasaka. Mutiso alituambia kwamba anamtunza mama mkwe. Sasa mama mkwe alikuwa wima kabisa nyuma yake, mzima kama ngoma, na Ndunge ndiye aliyekuwa na kitu mikononi, kimefunikwa.

Tukaketi. Mama Mutiso alizungumza Kikamba, mwanawe akatafsiri na kuongeza yake, na kwa mara ya kwanza tangu Tena alinitazama usoni akisema.

"Huyu ana wiki saba. Hatukumwambia mtu mjini. Wambua tulimtangaza kabla hajazaliwa, na Mwende tulimpa jina zuri, la kupendwa, na kifo kikasikia mara zote mbili. Mama anasema safari hii tukipotoshe. Apewe jina la mtu wa mbali, wa kabila lingine, kifo kikija kikiita jina la Kikamba kisikute mtu. Nikasema, wa mbali ninayemwamini ni mmoja tu. Lakini niliapa nisimtaje mtoto njiani. Ndugu zangu nao walitaka wajue jina linatoka kwenye ukoo unaoishi."

"Na wembe?"

"Wa kumnyoa nywele alizozaliwa nazo. Shanga za kumvisha." Akacheka kidogo. "Ulidhani nini?"

Sikumwambia nilidhani nini. Nilikuwa nimeona aibu, kisha nikapumua, na mara ile ile hofu nyingine ikanishika, kubwa kuliko ya kwanza. Mutiso aliona ananiheshimu. Kwao mtoto huitwa jina la babu aliye hai, na babu hufurahi akaleta mbuzi. Kwetu sivyo. Kwetu jina la ukoo hutoka kwa aliyelala. Kuka alikuwa kaburini ndipo mimi nikawa Khisa, na ndugu zangu hawajamwita mtoto yeyote jina hilo kwa sababu mimi bado natembea. Marehemu mamangu alikuwa akisema: ukimpa mtoto jina la mtu anayetembea, mmoja wao atasimama asitembee tena.

Nikatafuta njia ya kupita. "Mpeni Wafula," nikasema haraka. "Ni jina zuri. Halina mwenyewe." Na ni kweli, Wafula ni jina la majira. Yeyote anayezaliwa wakati wa mvua analipata, na halimdhuru mtu.

Mama Mutiso akauliza swali. Mutiso akatafsiri polepole. "Anauliza maana yake."

"Mvua. Ni wa mvua."

Hakukuwa na haja ya kutafsiri. Ndunge aliinamisha kichwa. Wambua ni wa mvua pia, *mbua* ni mvua, hata mimi ninajua Kikamba cha kiasi hicho. Tangu Ziwani tulikuwa tukitaniana na Mutiso kwamba mwanawe wa kwanza ni mimi, kwa Kikamba. Yule mama akatikisa kichwa mara moja. Nguo ni nyingine, lakini mtu ni yule yule, na kifo si kipofu.

Nikatoka nje. Nikasimama kando ya pikapu, mvua ikanyunya. Nilikuwa na hasira na Mutiso, kwamba amenileta mpaka hapa nikiwa sijui, na sasa nikikataa nitakuwa nimeua. Niliwafikiria Nekesa na wadogo zake. Nilitamani lile basi la Machakos.

Aliyenifuata ni Ndunge, akiwa na mtoto. "Shemeji," akasema, "naona kwenu kuna mwiko. Uso wako umesema. Mimi ningekataa. Kama ni jina la wanangu, ningekataa."

Katika safari nzima hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza yasiyoficha kitu. Nikamwambia yote, alivyosema mama yangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi usilitoe," akasema. "Tutatafuta." Akamfunika mtoto vizuri. "Unajua sijawahi kumwita? Wiki saba. Mama alinikataza hata kumwita mwanangu. Nikitaka aamke ninyonyeshe, namgusa mguu."

Akamgusa ili nione. Kile kimguu kikajikunja, macho yakafunguka, akatutazama sisi wawili akingoja. Jamani, mimi nina wanne. Wote nimewaita kwa kelele, kwa hasira, kwa mzaha, mpaka majirani wakalalamika. Sikuweza kusimama pale.

Tukarudi ndani. "Khisa," nikasema.

Mama Mutiso akauliza lile lile: maana yake?

"Sijui," nikajibu, na ni kweli. "Kuka hakutuambia. Alikufa nayo."

Alipotafsiriwa, yule mama akatabasamu mara ya kwanza, akapiga goti lake kofi. Mutiso akasema, "Anasema kama mwenyewe hajui, kifo kitajuaje?"

Walimnyoa, wakamvisha shanga. Ilibidi niseme mwenyewe, sikioni, mara tatu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu Ndunge alisema pamoja nami.

Kurudi

Nilikaa siku tatu zaidi ya nilivyoahidi, ndiyo maana uvumi ukapata nafasi. Nililishwa kuku, maana waliambiwa Mluhya haagwi bila kuku, na hapo sikuwabishia. Papai la Njiru nililila likiwa limeanza kuoza. Pale Wote fundi alitazama ule mlango akasema kikomeo kimekatika, akakitengeneza kwa waya. Ulikuwa umeharibika kweli.

Kwa hiyo sikuozwa, sikuporwa, na shetani sikumwona. Kama nimekuwa mpole ni kwa sababu nasikiliza. Nikikohoa, nahesabu. Siku chache baada ya kurudi nilipata homa nikalala siku mbili, Mama Nekesa akasema ni malaria tu, nikamwambia naye hajui. Wiki iliyofuata habari ikaja kutoka Wote kwamba mtoto anaharisha. Nilidhani ningepumua kwamba zamu si yangu. Badala yake nilisimama stoo na kalamu mkononi, siwezi kusoma namba, mpaka Mutiso aliponipigia simu ya ofisi akasema amepona.

Kwake Ziwani sasa Mutiso wanamwita Baba Khisa, kwa sauti kubwa. Kila Jumapili baada ya kanisa hufika hapa kwetu, na mke wangu, ambaye hakosi la kunichokoza, hupaza sauti kutoka mlangoni: "Khisa, baba yako amekuja!"

Natoka. Hatusalimiani kwanza. Ananichunguza macho kama yana umanjano, na mimi namchunguza uso kama una msiba.

"Khisa hajambo?" namwuliza.

"Hajambo. Na Khisa?"

Najigusa kifua kidogo, nahakikisha.

"Naye hajambo," namwambia. Ndipo tunapeana mikono.